Mgeni Rasmi Hajafika

Watu wakishatoka madarakani, mtaani kwetu huwa wanapakwa asali. Utasikia, aa, yule mzee alikuwa mtu wa watu bwana, siku hizi hamna viongozi kama wale. Mimi sipaki mtu asali. Huyu ninayemsimulia nimempikia wali kwa miaka, nimemwona akitafuna, na mtu ukishamwona akitafuna kila siku hakutishi tena. Alikuwa diwani wetu, akawa naibu meya, na kwa kipindi kifupi, tangu mvua za vuli mpaka masika yalipokaribia kuisha, akawa Meya, akaongoza serikali ya manispaa nzima. Heshima ya Meya ni kuitwa Mstahiki, na sisi Mstahiki ndiyo tunamwita mpaka leo, kwa sababu ukimwita jina lake bila hilo neno mbele hageuki.

Hageuki kweli. Siku moja mkokoteni wa viazi ulikuwa unakuja nyuma yake, msukumaji anapaza sauti, mzee pisha, mzee pisha njia. Wapi. Yeye anajua mzee ni watu wengine. Ukamkwangua kisigino, kiatu kikamtoka, na badala ya kushughulikia mguu wake akaanza kumhoji msukumaji kama anamjua mtu anayezungumza naye. Yule bwana ndiyo kwanza alikuwa ameingia mjini kutoka Newala, akajibu kwa adabu zote kwamba hapana, hamjui. Nadhani hilo ndilo lililomuuma, kisigino kilikuwa kisingizio.

Mimi nauza chakula kwenye uchochoro ulio nyuma ya maduka ya vitambaa, Kariakoo. Wali, maharage, samaki, na Ijumaa pilau. Meza ya jirani ilikuwa ya Bi Somoe, mama wa Lindi, muuza mihogo ya kukaanga na kachumbari, mkubwa kwangu kwa umri na mwepesi wa mdomo kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Upande wa pili wapo akina mama wa chai, wa uji, wa vitumbua. Sote tunafika alfajiri na kuondoka giza likiingia. Mstahiki alianza kula kwangu tangu akiwa diwani mchanga, na suti yake ya Kaunda ya rangi ya majivu, kalamu mbili mfukoni. Sijawahi kumwona akiandika.

Kula kwake kulikuwa na sherehe zake. Benchi langu ni moja, refu, wateja wanabanana, mwenye meno anatafuna na mwenye simu anaongea. Yeye akifika anasimama pembeni, mikono nyuma, anangoja. Anangoja nini? Anangoja mtu aseme, Mheshimiwa karibu. Asipokaribishwa anakohoa. Akikaribishwa anajifanya kushtuka, aa, mko hapa kumbe, halafu anataka akae mwisho wa benchi unaotazama njia, watu wamwone. Bi Somoe akawa anapaita pale meza kuu. Mteja mgeni akikaa pale kwa bahati mbaya, Bi Somoe anamwambia ondoka hapo baba, hapo ni meza kuu, utafukuzwa na itifaki. Mstahiki alikuwa anasikia, na mimi naapa alidhani anapewa heshima.

Ukimletea shida alikuwa na jibu lake. Hilo liko mezani. Taa za uchochoro zimekufa, hilo liko mezani. Takataka hazijazolewa, liko mezani, tena linafanyiwa kazi. Mgambo wamemwaga sufuria la mwenzetu, hilo mama zangu lipo, mchakato unaendelea. Bi Somoe akamuuliza siku moja, huku anageuza mihogo yake kwenye mafuta, "Mheshimiwa, hiyo meza yenu ina ukubwa gani? Mbona haijai?" Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na samaki. Mstahiki naye akacheka, akasema huyu mama ana vituko, kesho yake akarudi na majibu yale yale.

Wanaomsifu husema hakula rushwa. Ni kweli, hakula. Mimi mwenyewe nilikuwepo siku ya kuamkia Idi pale mfanyabiashara mmoja wa mabegi alipomletea mbuzi, akamfunga kwenye mguu wa benchi langu. Mstahiki alivyomwona yule mbuzi alibadilika rangi. Akauliza nani amemwona akiletwa. Akasema arudishwe, halafu akasema asirudishwe kwanza watu watahoji, halafu akataka mimi nimchukue, nikakataa, halafu akaondoka hata wali hajamaliza. Mbuzi alishinda pale akila maganda ya mihogo mpaka mwenyewe alipokuja kumfuata. Huyo ndiye msafi wenu. Hakula kwa sababu alikuwa mwoga, na mtu mwoga hali cha watu lakini pia hatetei cha watu.

Lakini nisije nikaonekana nasema uongo, lipo moja ambalo siwezi kulifuta. Mume wangu alipofariki Mstahiki alikuja msibani asubuhi na mapema, kabla ndugu wengine hawajafika. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka na wanaume, akasaidia kupanga viti, nikamwona kwa macho yangu akibeba ndoo ya maji kupeleka uani. Alilia. Machozi ya kweli, si ya kufinya. Wakati ule nilimshukuru na mpaka leo namshukuru kwa ile ndoo. Misiba ya Kariakoo na Jangwani yote alikuwa anaenda, ya Waislamu na ya Wakristo, ya mwenye ghorofa na ya mpanga chumba. Basi ingeishia hapo. Jeneza limeshaletwa uani, watu wamesimama kulibeba, imamu anataka kuondoka, Mstahiki akanyoosha mkono akaomba neno. Akaanza kumtambua imamu, akamtambua mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akawatambua wazee, akasema kwa ujumla itifaki imezingatiwa. Mbele ya mume wangu! Imamu akamkata katikati, akasema maiti hangoji hotuba. Kwa hiyo kila nikikumbuka ile ndoo nakumbuka na itifaki, na siwezi kuvitenganisha.

Umeya aliupataje? Aliupata kwa kuwa hakuna aliyemwogopa. Madiwani walikuwa wamegawanyika kambi mbili, wakamwangusha Meya aliyekuwepo kwa kura ya kutokuwa na imani naye, halafu wakashindwa kukubaliana nani ashike. Kila kambi ilikuwa na simba wake. Mwishowe wakatafuta mtu ambaye akikaa kwenye kile kiti, kiti kitaonekana bado kiko wazi. Nimeyasikia haya kwa madiwani wawili waliokula kwangu, mmoja kutoka kila kambi, na wote walikuwa wanacheka.

Yeye hakucheka. Siku alipoapishwa alipita mtaani na gari la manispaa, kioo kimeshushwa, amevaa joho. Lile joho la Meya, jekundu, zito, na mkufu wake, ambalo wenzake walikuwa wanalivaa kwenye kikao na kulivua kwenye kikao. Jua la Dar la saa saba, yeye ndani ya joho. Akaja kula nalo. Nikamwambia, shikamoo Mstahiki, hongera, ila hilo vazi tungelitundika pembeni kidogo. Akasema hapana Mama Shani, hili halitundikwi popote. Mkono wote wa joho ukaingia kwenye mchuzi wa samaki mpaka kwenye kiwiko. Bi Somoe akamfuta na kitambaa cha mezani, akamwambia pole baba, serikali imelowa.

Kazi yake kubwa katika miezi ile ilikuwa kuweka mawe ya msingi. Alikuwa anapenda jiwe la msingi kama watu wengine wanavyopenda mpira. Palipochimbwa mtaro, jiwe. Palipopakwa rangi shule, jiwe. Jiwe linachongwa, linaandikwa jina lake na cheo chake chote, linafunikwa pazia la bluu, halafu siku ya siku pazia linavutwa, watu wanapiga makofi, picha zinapigwa. Mambo hayo yapo Tanzania nzima, sikatai, na mimi mwenyewe nimeshapiga vigelegele kwenye mawe ya watu. Ila wengine jiwe kwao lilikuwa mwanzo wa kazi. Kwake jiwe ndilo kazi.

Sasa nifike kwenye choo, maana bila choo huyu mtu nisingehangaika kumsimulia.

Sisi akina mama wa uchochoro hatukuwa na choo. Wanaume wana pembe zao, wanajua wenyewe. Zamani tulikuwa tunajistiri kwa familia moja ya Kiarabu yenye duka la vitambaa, watu waungwana, bibi wa nyumba alikuwa anatuachia mlango wa uani wazi kuanzia asubuhi na hata ndoo ya maji anatuwekea. Mume wake alipofariki warithi wakauza, nyumba ikavunjwa, likapanda ghorofa la vioo lenye mlinzi. Msikitini upande wa wanawake hufunguliwa saa za sala tu. Gesti za jirani walitufukuza. Basi tukazoea kutokunywa maji. Unaamka, unapiga funda moja la chai, unakaa mbele ya moto mpaka jioni, midomo imekauka, kichwa kinagonga. Wengi wetu tuliugua mkojo mpaka dawa zikawa hazifanyi kazi. Bi Somoe yeye alikuwa na sukari. Mwenye sukari lazima anywe maji, na akinywa lazima ayatoe, tena kwa haraka, hana muda wa kubembelezana nayo. Kila mara alipoinuka, mimi nilikuwa natazama mihogo yake kwa wasiwasi, kwa sababu nilijua anatafuta mlango na nilijua milango yote imefungwa.

Choo tulikiomba tangu Mstahiki akiwa diwani. Kikakaa mezani. Yule Meya aliyeangushwa ndiye aliyeanza kukijenga, pale pale mwisho wa uchochoro, na Mstahiki alipoingia alikikuta kinaezekwa. Kikamalizika. Ee, kilikuwa kizuri! Vyumba vya wanawake, sinki, vigae vyeupe, bomba linatoa maji. Fundi alitufungulia jioni moja tukaingia kutazama, Bi Somoe akafungua bomba akafunga, akafungua akafunga, anacheka mwenyewe. Akaniambia, Mama Shani, kesho nakunywa chupa nzima ya maji, na wewe utakunywa.

Kesho yake tukakuta kufuli. Kufuli kubwa la shaba, na ukutani jiwe lenye pazia la bluu.

Tukamwendea Mstahiki. Tulikuwa akina mama wote wa uchochoro, tumejifunga khanga vizuri, tumeacha masufuria motoni. Alitupokea ofisini kwake, akatuagizia soda. Tukamweleza. Bi Somoe mwenyewe, ambaye hana haya ya kusema neno, siku ile alisema kwa sauti ya chini, akainamisha kichwa, akamwambia baba mimi ni mgonjwa, ukitufungulia hata kimoja utakuwa umenisaidia mimi. Mstahiki akasikitika kwelikweli, uso wote ukamwanguka. Halafu akasema:

"Mama zangu, nawaelewa. Lakini mradi haujazinduliwa. Kikifunguliwa kabla ya mgeni rasmi, kitakuwa kimefunguliwa kienyeji."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alitaka aje waziri. Diwani hakumtosha, mkuu wa wilaya hakumtosha, alitaka waziri avute lile pazia, na yeye asimame kulia kwake na joho lake. Kwa hiyo choo kiko tayari, maji yanatoka, vigae vinang'aa, na sisi tunapita mbele yake kutafuta pa kujistiri, kwa sababu mgeni hajafika. Mara ya kwanza waziri alikuwa safarini. Mara ya pili mvua ikanyesha, Jangwani kukajaa, barabara ikafungwa, shughuli ikaahirishwa. Mara ya tatu alikuja mtu kutazama mahali pa kukaa mgeni, akasema panahitaji zulia. Zulia, mwenzangu, mlangoni mwa choo.

Mwisho siku ikapangwa. Alfajiri mgambo wakatuambia leo hakuna kupika, moshi utamsumbua mgeni. Tukavalishwa vitenge vya sare, tukawekwa mstari wa mbele kwenye viti vya plastiki, kazi yetu vigelegele. Mwisho wa uchochoro wakafunga kamba, anayeingia haruhusiwi kutoka mpaka mgeni aje aondoke. Bi Somoe alikuwa pembeni yangu. Alikunywa maji asubuhi kwa ajili ya dawa yake, akaniambia leo sina wasiwasi, leo nimekaa mlangoni kabisa, wakishavuta hilo pazia mtu wa kwanza mimi. Tulikuwa tunatazama mlango. Ungenyoosha mguu ungeugusa.

Saa nne ikapita. Adhuhuri ikaadhiniwa. Mstahiki na joho lake anazunguka na kipaza sauti, anatuambia mgeni ameshaondoka ofisini, mgeni yuko Posta, tuchangamke. Ngoma inapigwa. Namwona Bi Somoe anafunga miguu, anafungua, jasho linamtoka juu ya mdomo. Nikamwambia nyanyuka twende. Akasema twende wapi, wamefunga kamba. Akangoja Mstahiki apite karibu, akamshika mkono wa joho. Mimi nilikuwa pale, nimesikia kila neno.

"Baba, naomba ufunguo. Nimebanwa."

"Vumilia kidogo, mama yangu. Mgeni ameshafika Mnazi Mmoja."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Alijigusa mfuko wakati anasema. Na mgeni hakuwa Mnazi Mmoja, kwa sababu yule mtu wa itifaki aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameshamwambia, na sisi tulishasikia, kwamba simu ya waziri haipokelewi.

Akapita. Bi Somoe akakaa. Haikuchukua muda. Nilisikia maji kwenye plastiki kabla sijaelewa ni nini, yakashuka mpaka kwenye lami, yakatiririka kuelekea kwenye zulia. Mama mtu mzima, mwenye wajukuu, mbele ya madiwani na wapiga ngoma na wachukuzi wa sokoni waliokuwa wamepanda kwenye magunia kutazama. Nyuma yetu mtu mmoja akacheka. Bi Somoe hakulia. Alifunika uso na kitenge cha sare, akawa hasogei kabisa.

Na Mstahiki? Mstahiki aliona. Alisimama, akatazama kiti, akatazama zulia, akainua kipaza sauti. Nikadhani sasa atatoa ufunguo, hata yeye ni mtoto wa mwanamke. Akasema jamani, vijana wa usafi wasogee hapa haraka wamwagie maji, mgeni asije akakuta pamelowa.

Sijui nilinyanyukaje. Najua nilienda kwenye meza yangu nikachukua mchi wangu wa kutwangia vitunguu saumu, ule wa chuma, nikarudi nikapiga lile kufuli. Wenzangu walikuwa wameshamzunguka Bi Somoe, wamefungua khanga zao wamemwekea ukuta. Mgambo mmoja akanishika bega, mama wa vitumbua akamtoa. Nikapiga tena. Mstahiki ananiambia Mama Shani usituaibishe, Mama Shani kuna kamera, na hasemi kwa hasira, anabembeleza, kipaza sauti bado kiko mdomoni mtaa mzima unamsikia anabembeleza. Kufuli likaachia. Tukamwingiza Bi Somoe ndani ya ule ukuta wa khanga. Nikarudi nikalivuta lile pazia la bluu likang'oka na misumari yake, nikampelekea ajifutie. Bomba likafunguliwa. Tukamwogesha, tukamfunga khanga kavu, na hakuna aliyepiga kigelegele.

Waziri hakuja. Kufuli lingine halikuwekwa, nani angekuja kuliweka. Tangu siku ile tunakitunza wenyewe, tunapokezana kufagia, sabuni tunachanga. Maji tunakunywa.

Bi Somoe hajayanywa. Aliondoka wiki ile ile, akarudi Lindi kwa binti yake. Nilimpigia simu mara nyingi. Nikamwambia watu wameshasahau, rudi. Akawa ananiuliza habari za wenzetu, anatania kidogo, lakini nikigusia kurudi anageuza mazungumzo. Mara moja tu alinijibu, akasema Mama Shani, mimi mihogo naweza kuuza, ila nikimwona mtu ananitazama sitajua kama anatazama mihogo. Nikakata simu nikalia mpaka wali ukaungua. Mpaka leo meza yake nimemwekea nafasi. Mtu akitaka kuipanga namwambia ina mwenyewe.

Mstahiki muda wake uliisha na baraza la madiwani. Kwenye kura za maoni za chama chake alipata kura yake, na hata hiyo sina hakika. Aliongoza serikali kwa muda ambao mtu mwingine anachukua kuhamia nyumba, na ukimsikia anavyosimulia utadhani ni enzi. Wakati wa serikali yangu, anasema. Serikali yake! Akahamia nje ya mji, tukawa hatumwoni.

Juzi kati nikamwona. Saa za mchana, benchi limejaa, natoa samaki kwenye mafuta, naona mzee anakuja na bakora, suti ya Kaunda imempwaya, hatua fupi fupi za haraka. Kwa kweli kwanza sikumtambua yeye. Nilitambua mwendo. Wanawake wote wa uchochoro ule mwendo tunaujua, magoti yamebanana, macho yanatafuta mlango. Hakusimama pembeni kungoja kukaribishwa. Akanifuata moja kwa moja jikoni, akaniambia kwa sauti ndogo, Mama Shani, tezi dume hii inanisumbua, sina muda.

Nilikuwa na maneno. Miaka yote nilikuwa nayo, nilikuwa nayarudia nikiwa nachagua mchele. Ningemwambia avumilie, mgeni ameshafika Mnazi Mmoja. Nikamwona ameing'ang'ania bakora kwa mikono miwili, nikajichukia kwa kumwonea huruma, nikamwita mama wa uji atoe watu chumba cha mwisho. Wakampisha. Nikampa kopo la maji na sabuni.

Akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa mtu mwingine, mgongo umenyooka, anajipangusa mikono. Akasimama pale pale mlangoni akatazama jiwe. Bado lipo ukutani, jina lake limechubuka lakini linasomeka. Akalisoma lote, midomo inacheza. Nikaenda karibu, nikidhani labda, baada ya kukitumia, kuna kitu atasema. Nilitaka aseme. Siwezi kuficha, nilitaka sana, ili jioni nimpigie mtu simu Lindi nimwambie.

"Mama Shani," akasema, "hatimaye nani alikuja kukizindua hiki?"

"Bi Somoe."

Akakunja uso, anatafuta kichwani.

"Naibu waziri?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa. Mama wa Lindi, muuza mihogo, alikaa mstari wa mbele, alikushika joho akakuomba ufunguo. Alinisikiliza vizuri, anaitikia kwa kichwa kwa heshima, na nikaona kabisa kwamba anajitahidi. Halafu akasema, na hakuwa na ubaya wowote usoni:

"Lakini huyo hakuwa kwenye ratiba."

Nyuma yake mama mmoja mjamzito alikuwa amesimama na khanga yake mkononi, anashindwa kupita. Nikamwambia Mstahiki atoke mlangoni, kuna mtu amebanwa.